Tahadhari: muuzaji wa sikilidi wadogo na "chakula cha kuamsha hamu" hapa Kampala

Ndugu wafugaji wa samaki wa mapambo wa Kampala, Entebbe, Mukono na Jinja, ninawaandikia kuwaonya juu ya muuzaji mmoja ambaye kwa miezi kadhaa sasa anatangaza sikilidi wadogo, yaani samaki wa mapambo wa jamii moja na ngege (tilapia), katika makundi ya simu. Huuza kwanza samaki wasiokula, kisha humuuzia mnunuzi yule yule chakula anachodai kwamba ndicho pekee ambacho samaki hao hukikubali. Jina lake silitaji, kwa kuwa malalamiko yangu yamekwisha kuandikishwa polisi na sitaki kuyaharibu, lakini nitaeleza mwenendo wake kwa kirefu ili umtambue hata akibadilisha namba ya simu, jambo ambalo amekwisha kulifanya mara mbili tangu nimfahamu.

Nilinunua kwake rami wawili, dume na jike, yaani wale ambao jina lao la kitaalamu ni Mikrogeophagus ramirezi, pamoja na Apistogramma cacatuoides watatu, wote kwa shilingi 310,000. Niliomba niende kuwaona kabla ya kulipa, naye akanijibu kwa upole, "Nnyabo, kwangu ni mbali na barabara ni mbovu, tuma tu pesa kwa simu, samaki watakufikia leo leo." Nilituma. Saa moja jioni boda boda akafika Bweyogerere na mfuko wa plastiki, na nilipouinua kwenye taa nikaona rami wadogo kabisa, hawakufika hata sentimita 3, lakini wamekolea rangi kama samaki waliokomaa: manjano kifuani, vidoa vya buluu mwili mzima, jicho jekundu. Nilifurahi sana, kumbe ndiyo iliyokuwa alama ya kwanza ya hatari.

Rami wa umri huo kwa kawaida huwa bado amepauka. Rangi hukolea kadiri anavyokua, na jike huonekana kwa tumbo lake la waridi. Katika biashara ya samaki wa mapambo, na si Uganda tu, wako watu ambao huwapa vifaranga homoni ya kiume ili wavae rangi kabla ya wakati wake. Homoni ya jamii hiyo ndiyo inayochanganywa katika chakula cha vifaranga wa ngege kwa muda wa wiki 3 hadi 4 kwenye vitotoleo ili wote wawe madume. Kwa mfugaji wa ngege hiyo ni njia inayojulikana na yenye sababu, kwani madume hukua haraka na bwawa halijai vifaranga. Kwa rami ni njia ya kumuuzia mtu rangi ambayo haitadumu. Wangu walianza kufifia katika wiki ya tatu, na yule niliyeambiwa kuwa ni jike hakuonyesha waridi hata siku moja.

Lakini rangi ningeweza kuisamehe. Lililoniumiza ni njaa. Kwa siku nne hakuna samaki hata mmoja aliyemeza kitu. Nilikaa mbele ya tangi asubuhi na jioni nikimwangalia dume la Apistogramma: punje ikishuka, anaisogelea, anaitazama kwa jicho moja, anageuka kidogo anaitazama kwa jicho la pili, anaichukua, anaitafuna, anaitema. Anaifuata tena chini, anaitema tena, kisha anaondoka zake na kujificha chini ya gogo. Wale rami hata kujaribu hawakujaribu, walisimama kwenye pembe, mapezi yamebanwa mwilini.

Nilipompigia muuzaji hakushangaa hata kidogo. Alisema sikilidi hawa ni wachaguzi, hawali chakula cha kawaida, na kwamba anacho chakula maalumu kutoka Ujerumani cha kuamsha hamu, kopo moja shilingi 65,000, na mayai ya artemia, kamba wadogo sana wa maji ya chumvi, ya kuangua mwenyewe nyumbani, kichupa shilingi 90,000. Nilinunua vyote viwili. Mtu anayeona samaki wake wakikonda siku hadi siku habishani na bei, na ninaamini muuzaji huyu analijua hilo vizuri kuliko anavyowajua samaki.

Hapa inabidi nieleze jinsi samaki hawa wanavyokula kweli, kwa maana uongo wake umejengwa juu ya ukweli nusu. Ni kweli kwamba sikilidi wadogo ni wagumu kulisha. Rami asili yao ni mbuga za mto Orinoko huko Venezuela na Kolombia, na Apistogramma wengi hutoka katika vijito vya bonde la Amazoni, ambako huokota wadudu wadogo na viluwiluwi kati ya majani yaliyooza, au hujaza mchanga kinywani na kuupepeta hadi kilicho chakula kibaki na mchanga utoke kupitia matamvua. Wanavutwa na kitu kinachotikisika, na chakula kikavu kinachoelea juu hakiwaambii kitu mpaka wafundishwe. Lakini muuzaji anayejua kazi yake huwafundisha kabla ya kuwauza, au humwambia mnunuzi wazi kwamba bado.

Vilevile rami huhitaji maji ya joto, nyuzi 27 hadi 30. Kampala iko mita zipatazo 1,200 juu ya usawa wa bahari, na tangi langu lisilo na hita nililipima alfajiri nikakuta nyuzi 22. Katika baridi hiyo rami hali, hata umpe nini. Nilikuwa nimemuuliza muuzaji kama nahitaji hita, na jibu lake ninalo bado kwenye simu: "Maji ya Kampala yanawatosha." Ushauri huo pekee ulitosha kuwanyima samaki hamu ya kula, kisha hamu hiyo hiyo akaniuzia ndani ya kopo.

Sasa kopo lenyewe. Karatasi yake ilikuwa na picha ya samaki mzuri na maneno ya Kijerumani, lakini haikuwa na tarehe ya mwisho wa kutumika wala namba ya toleo, na chini ya kifuniko hapakuwa na utando wa kuziba, ila gundi iliyopakwa kwa mkono ukingoni. Ndani mlikuwa na unga mwekundu. Samaki waliutema vilevile, na siku ya pili maji yakawa na ukungu na harufu nzito. Ndipo nilipochukua kijiko kimoja nikakimimina kwenye glasi ya maji safi, nikaiweka dirishani. Kabla dakika tano hazijapita wekundu wote ulikuwa umetoka na kuyageuza maji kuwa kama juisi ya rosela. Juu zikaelea pumba za mahindi. Katikati vikabaki vipande vidogo vinavyong'aa fedha, na chini kabisa ukatulia mchanga. Nilichuja vile vipande, nikavinusa, na mtu yeyote aliyelelewa kando ya Ziwa Victoria asingehitaji kuambiwa: ni mukene, dagaa wetu, aliyesagwa pamoja na mchanga alioanikwa juu yake, akachanganywa na pumba na kutiwa rangi.

Sisemi kwamba mukene ni mbaya. Akianikwa juu ya chanja na kusagwa vizuri ana protini nyingi, na wengi wetu tumewalisha samaki na kuku kwa huyo huyo. Ubaya uko katika pumba ambazo rami hawezi kuzitumia na ambazo huoza chini ya tangi na kuongeza amonia, katika rangi isiyojulikana ni ya nguo au ya keki, na katika kumtoza mtu shilingi 65,000 kwa kitu cha sokoni kilichobandikwa jina la Ulaya. Chakula halali chenye rangi nyekundu huweza kuyatia maji rangi kidogo, lakini rangi yake haitoki yote na kuacha pumba nyeupe na mchanga. Jaribio la glasi halina gharama yoyote, na ninaomba kila aliye na kopo la namna hiyo alifanye leo.

Mayai ya artemia yalikuwa udanganyifu mwingine. Niliyatia katika lita moja ya maji yenye gramu 30 za chumvi, nikaweka pampu ya hewa na taa, nikayaweka karibu na nyuzi 28. Mayai mazuri katika hali hiyo huangua ndani ya saa 24 hadi 36, nawe huona vitoto vya rangi ya chungwa, kila kimoja chini ya nusu milimita, vikikusanyika upande wa mwanga. Mimi nilisubiri siku tatu na nusu na sikuona hata kimoja. Nikachukua kioo cha kukuzia nikatazama yaliyobaki kwenye kichupa. Yai kavu la artemia ni la kahawia, yote yana ukubwa unaofanana, na kila moja limebonyea kama mpira uliotolewa upepo. Likikaa majini kwa saa moja au mbili hujaa na kuwa duara kamili. Niliyoyaona mimi yalikuwa na ukubwa mbalimbali, mengine yana pembe, na hata baada ya usiku mzima majini hayakubadilika umbo. Machache yalikuwa mayai kweli, mengi yalikuwa mchanga. Nilipomwambia alidai kwamba nimekosea chumvi, na akanishauri ninunue kichupa cha pili.

Rami wote wawili walikufa, pamoja na jike mmoja wa Apistogramma. Wa mwisho kufa alikuwa na tumbo lililoingia ndani na kinyesi cheupe kirefu kama uzi, dalili ambazo mara nyingi humaanisha vimelea vya matumbo, na ninazitaja kwa sababu ningeweza kuziona siku ya kwanza kama ningeruhusiwa kumwona samaki katika tangi la muuzaji.

Kwa hiyo ombi langu kwenu ni moja, na ningependa mlishike kuliko yote niliyoandika: usitume pesa kwa sikilidi yeyote mdogo mpaka umwone kwa macho yako akila, na akila chakula kile ambacho wewe utampa nyumbani. Chukua punje zako mwenyewe mfukoni. Muuzaji mwaminifu hatakasirika, atafungua kifuniko cha tangi akuruhusu. Kama uko mbali, omba video fupi ipigwe siku hiyo, na kipande cha karatasi chenye jina lako kikiwa kimebandikwa kwenye kioo, kwa sababu picha nzuri za rami zimejaa kwenye intaneti na yeyote anaweza kuziokota. Huyu wangu, nilipomwomba video hiyo kwa jina la rafiki yangu, alikata simu.

Waliokwisha kuwanunua samaki hawa na wanawaona wakikataa kula, wasikimbilie kopo. Pasheni maji moto kwanza kwa hita, pole pole, punguzeni mwanga, wapeni majani makavu na mahali pa kujificha. Halafu wapeni kitu kinachotikisika. Mimi niliweka ndoo ya maji uani, nikavua viluwiluwi vya mbu kila jioni kwa kichujio cha chai, nikavisuuza na kuvitia tangini vichache vichache. Anayefanya hivyo avue kila siku na kuimwaga ndoo yote kabla wiki haijaisha, kwa maana mbu hukamilika katika muda wa siku saba hadi kumi na nne na hatutaki kuwalisha samaki kwa gharama ya malaria ya jirani. Samaki wakishazoea kukimbilia chakula, ndipo unapochanganya punje ndogo zinazozama pamoja na viluwiluwi, ukiongeza punje na kupunguza viluwiluwi siku hadi siku.

Kuhusu kudai haki, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017 inataka bidhaa ilingane na maelezo ambayo muuzaji ameitolea, na pumba zenye rangi hazilingani na maelezo ya kopo lile kwa namna yoyote. Tunzeni ujumbe wa malipo, mazungumzo yote na makopo yenyewe pamoja na karatasi zake, hata kama yanawakera kuyaona, kisha mkaandikishe katika kituo cha polisi kilicho karibu nanyi. Lalamiko moja la shilingi 65,000 huonekana dogo mezani kwa askari, lakini malalamiko kumi yenye kopo la aina moja si madogo.

Dume la Apistogramma na jike aliyebaki sasa wanakula, na jana dume alikichukua kiluwiluwi kwenye ncha ya kichujio kabla sijakitikisa. Kopo langu nimelikabidhi polisi, ila vijiko viwili vya ule unga nimevihifadhi katika chupa safi nyumbani. Aliyenunua kwa muuzaji wa namna hii aniandikie, aje na lake, tuyaweke kwenye glasi mbili kando kando tulinganishe.