Uzoefu wangu na seti ya sumaku ya kufundishia jinsi bakteria wanavyoacha kunakili jeni

Nafundisha wanafunzi wa diploma ya maabara hapa Kisumu. Seti hii niliiagiza kwa muuzaji wa Nakuru, nikalipa shilingi 4,800 kwa M-Pesa, ikaletwa na matatu. Ndani mna ubao wa DNA, shanga zenye sumaku za RNA (nakala ya jeni), polimerasi ya plastiki (mashine ya seli inayoandika nakala hiyo), na pete ya vipande sita ambayo ni protini Rho.

Uzuri wake uko kwenye sumaku. Kati ya herufi nne za RNA, G na C hushikana kwa sumaku tatu, A na U kwa mbili. Mwishoni mwa jeni nyingi za bakteria, RNA huwa na sehemu yenye G na C tele inayoweza kujikunja na kujishika, ikifuatwa na U saba au nane hivi mfululizo. Unasukuma polimerasi hadi kwenye hizo U na kuisimamisha kidogo, kwa sababu hata ndani ya seli husita hapo. Unakunja G na C. Zinagongana kwa kishindo. Ukivuta kikunjo polepole, mkia wa U unabanduka kwenye DNA na polimerasi inabaki mikono mitupu. Mwanafunzi mmoja aliyekuwa ameshikilia kwamba lazima kuna kimeng'enya cha kukata uzi alipaza sauti: "Kumbe inaachia yenyewe, Madam!" Picha ya kitabuni haijawahi kunipa jibu hilo.

Kuna jambo ambalo mwalimu atalazimika kuliongeza kwa mdomo. U ya RNA ikiwa juu ya A ya DNA hushika kwa unyonge kuliko A ya RNA juu ya T (herufi ambayo DNA hutumia badala ya U), japo pande zote mbili zina vifungo viwili vya hidrojeni. Sumaku za seti hii haziwezi kuonyesha tofauti hiyo, na ndiyo inayoufanya mkia wa U uteleze kirahisi hivyo.

Upande wa Rho, njia ya pili ya bakteria kusimamisha kunakili, umenipa kazi zaidi. Kijitabu kinaeleza vizuri kwamba protini hii, iliyoripotiwa na Jeffrey Roberts mwaka 1969, hushika RNA yenye C nyingi na G chache, kisha hutumia ATP (nishati ya seli) kusonga kuelekea polimerasi. Lakini ribosomu, mashine ya seli inayosoma RNA na kuunda protini, haimo! Kwa bakteria, ribosomu huanza kutafsiri RNA ingali inaandikwa, na msafara wao huifunika RNA hiyo Rho asipate pa kushika. Tafsiri ikikatika mapema, RNA inabaki wazi, Rho anaingia, na jeni zinazofuata kwenye operoni hiyo (kundi la jeni zinazonakiliwa pamoja) hazinakiliwi. Mimi hupanga vifuniko vya soda juu ya shanga, kisha naviondoa darasa likitazama.

Wanafunzi wanaokwenda kliniki za kifua kikuu huuliza kama rifampisini, dawa ya ugonjwa huo, inafanya kazi kwa njia hii. Hapana. Hiyo hukaa kwenye polimerasi na kuzuia RNA isirefuke kupita nyukleotidi (herufi) mbili au tatu. Kunakili kunakwama mwanzoni kabisa. Dawa inayomfunga Rho ni bisaiklomisini.

Pete yangu ilifika imepasuka, muuzaji akatuma nyingine bila ubishi. Kwa darasa la watu zaidi ya kumi, agiza pakiti ya pili ya shanga za G na C, maana ndizo zinazopotea chini ya meza.