Boxer 150 Iliyotumika: Tathmini ya Pikipiki, ya Yadi Iliyoniuzia na ya Bei Niliyolipa

Mwezi wa Machi nilinunua pikipiki aina ya Bajaj Boxer BM 150 iliyokwisha kutumika, katika yadi moja iliyoko upande wa Temeke, jijini Dar es Salaam. Nilikuwa nimechoka kupanda daladala mbili kila asubuhi kutoka Chanika hadi kazini, na bei ya mpya, ambayo wiki hiyo nilitajiwa Kariakoo kuwa ni milioni mbili na laki tisa, ilikuwa nje ya uwezo wangu. Jina la yadi sitalitaja, kwa sababu nina lawama juu yake na nina sifa pia, na vyote viwili nitavieleza kama vilivyotokea.

Kuichagua Boxer hakukunichukua muda. Injini yake ni ya silinda moja, inapozwa kwa hewa, ina ukubwa unaokaribia sentimita za ujazo 145, na haina kitu ambacho fundi wa chini ya mwembe hakijui. TVS HLX 125 niliitazama pia, nikaiona inafaa kwa mtu asiyebeba mzigo. Honda CG 125 ni imara mno, lakini mwenye nzuri hauzi mpaka apate shida. Spea za Boxer zinapatikana kila mahali, na ndiyo maana bodaboda wanaipenda. Hapo ndipo mnunuzi anapotakiwa kufungua macho, kwa kuwa nyingi zilizoko yadini zimetoka kijiweni.

Kijana aliyenipokea alinisalimu kwa adabu, "Shikamoo mzee," akanionyesha Boxer nyekundu iliyong'arishwa hadi matairi. Akaniambia kwamba ilikuwa ya mwalimu, aliyekuwa akiitumia kwenda shuleni na kanisani tu. Nilitazama namba yake: ilikuwa nyeupe. Pikipiki ya matumizi binafsi huwa na namba ya njano, na nyeupe ni ya biashara. Nilimuuliza kama mwalimu huyo alikuwa akiwatoza nauli wanafunzi wake. Alicheka, na tangu hapo habari za mwalimu hazikurudi tena. Kusema kweli sikumchukia kwa uongo ule, kwa sababu ulinipa sababu ya kwanza ya kushusha bei kabla hata sijagusa mashine.

Kipima mwendo kilisoma kilomita 14,000 na kidogo, wakati kadi ya usajili ilionyesha kwamba pikipiki ilikuwa imesajiliwa miaka mitatu nyuma. Bodaboda anayekwenda kilomita 100 kwa siku, kwa siku 300 za kazi, anamaliza kilomita 30,000 kwa mwaka mmoja. Waya wa spidi ukikatika, wengi hawaubadilishi, na tarakimu zinabaki pale pale huku injini ikiendelea kuzeeka. Kwa hiyo sikuhangaika na tarakimu. Nilitazama raba za kukanyagia, ambazo zilikuwa zimelika hadi chuma kuonekana, nikatazama pedali ya gia iliyokuwa imesuguliwa ikawa laini kama kijiko, na kiti ambacho kava lake jipya lilifunika sponji iliyobonyea katikati. Vitu hivyo vitatu vinasema umri wa pikipiki kwa ukweli zaidi kuliko kipima mwendo.

Siku ya pili nilirudi na fundi wangu, ambaye nilimlipa shilingi 20,000 kwa asubuhi nzima, na sijawahi kutumia pesa vizuri kuliko zile. Tulifika saa moja asubuhi bila kutoa taarifa. Jambo la kwanza alilofanya fundi ni kuweka kiganja juu ya injini ili ahakikishe kuwa ni ya baridi, maana injini iliyopashwa moto mapema huficha ugumu wa kuwaka na milio ya asubuhi. Ilishika kwa kiki ya pili, ila kwa stata haikushika kabisa, kwa kuwa betri ilikuwa imekufa. Fundi akaiacha ingurume polepole dakika kadhaa, kisha akavuta mafuta ghafla na kuachia, akavuta tena, huku akiangalia ekzosi. Moshi wa bluu unaotoka wakati huo ni oili inayoungua ndani, na maana yake ni ringi au sili za valvu, yaani kazi ya kushusha injini. Haukutoka. Angeuona, tungeondoka pale pale na kwenda kutafuta chai.

Tulipofika kwenye cheni, aliivuta kwa nyuma kutoka kwenye spoketi kubwa, ikaachana na meno hadi ukaona mwanga katikati. Aliinua gurudumu la mbele, akageuza usukani taratibu, ukawa unakwama kidogo ukifika katikati, dalili kwamba bolingi za shingo zimekwisha. Tairi la nyuma lilikuwa kipara, na breki za nyuma zilibaki ukucha. Alichungulia pia chini ya tenki na kwenye maungio ya fremu akitafuta alama za kulehemu, kisha akafuta vumbi ili tulinganishe namba ya chesisi na ya injini na zile zilizoko kwenye kadi. Zote zililingana, tarakimu kwa tarakimu, wala hapakuwa na mahali palipokwaruzwa.

Kabla ya kuzungumza bei tulikwenda Kariakoo. Watu wengi huruka hatua hii, na ndiyo iliyoniokolea pesa. Niliuliza bei ya kila spea katika maduka mawili, nikaandika kwenye karatasi: tairi 60,000, cheni na spoketi zake 40,000, betri 30,000, bolingi za shingo 18,000, breki za nyuma 10,000, na ufundi 30,000. Kisha nikaingiza namba ya pikipiki katika mfumo wa polisi wa kuangalia makosa ya barabarani, nikakuta faini mbili ambazo hazijalipwa, za shilingi 10,000 kila moja, kiwango ambacho pikipiki na bajaji zimekuwa zikitozwa tangu bajeti ya 2021/22. Jumla yote ikawa shilingi 208,000. Kwa kuwa Boxer tatu za umri ule nilizozitazama wiki hiyo, zisizodai matengenezo, zilikuwa zikiuzwa karibu na milioni moja na laki nane, nilijua kwamba bei ya haki ya hii iko milioni 1.6, ikizidi au ikipungua kidogo.

Bei aliyoitaja yule kijana ilikuwa milioni moja, laki tisa na hamsini. Nilimpa milioni moja na nusu. Akashuka hadi 1,850,000, akaniambia kwamba jioni kuna mtu anakuja na hela mkononi. Nilimjibu kwamba kama mtu huyo yupo, basi amuuzie, kwa kuwa mimi sitaki kumkosesha riziki. Tulikaa kimya. Baadaye nilitoa karatasi, nikamsomea mstari mmoja mmoja, na mahali alipobisha nilimwambia apige simu dukani mwenyewe. Alibisha kuhusu bolingi tu. Sikuomba kupunguziwa hata mara moja, wala sikusema kwamba sina pesa, kwa sababu muuzaji amezoea kilio cha namna hiyo na ana majibu yake tayari, lakini hana jibu la tairi kipara ambalo anaona kwa macho yake.

"Mzee wangu, hapo umenibana," alisema mwishoni. "Toa milioni moja, laki sita na thelathini, tumalizane." Nilijua kwamba ndani yake kuna cha juu, yaani fungu la ziada, cha dalali aliyekuwa ameegemea ukuta muda wote akijifanya hasikilizi. Nilikubali, kwa sharti moja linalohusu kadi.

Jina lililokuwa kwenye kadi halikuwa la yadi, wala la mtu yeyote niliyemwona pale. Hali hiyo ni ya kawaida kwa pikipiki za mkataba. Tajiri humkabidhi kijana pikipiki, kijana huleta hesabu, yaani pesa walizokubaliana, kwa mwaka mmoja au zaidi, na deni likiisha pikipiki inakuwa yake. Lakini kadi hubaki na jina la tajiri, kwa kuwa wengi hawaendi TRA, mamlaka ya mapato, kuibadilisha. Kijana akiuza, na aliyenunua akiuza tena, mnunuzi wa mwisho anashika kadi ya mtu asiyemjua. Siku pikipiki ikikamatwa kwa jambo la zamani, au mwenye jina akidai kuwa aliibiwa, utaanza kutafuta watu ambao simu zao hazipatikani. Kwa sababu hiyo nililipa 1,500,000 mbele ya wakili, tukaandika katika mkataba wa mauziano kwamba 130,000 zilizobaki zitalipwa siku umiliki utakapohamishiwa jina langu, na kwamba kumleta mwenye kadi ni jukumu la yadi.

Waliniahidi wiki moja. Zikapita wiki saba. Kila nilipopiga simu niliambiwa kwamba mwenye kadi amesafiri, kisha kwamba anaumwa, kisha kwamba yuko msibani. Hii ndiyo lawama yangu kubwa kwao. Bila zile 130,000 mkononi mwangu, naamini ningekuwa naambiwa habari za msiba mwingine hadi leo. Sifa yao ni kwamba walituacha tuikague pikipiki bila kutuharakisha, namba zote zilikuwa halali, na mwenye kadi alipofika hatimaye hakudai kitu chochote cha ziada.

Pikipiki yenyewe haijanisumbua sana katika miezi sita. Matengenezo yale ya mwanzo yalinigharimu 196,000, pungufu kidogo ya 208,000 nilizokuwa nimezipigia hesabu, faini zikiwa ndani yake. Baadaye nilibadilisha sahani za klachi, ambazo fundi hakuweza kuzijua bila kufungua. Barabara ya Chanika yenye mabonde inaivumilia, ingawa shokamzoba za nyuma ni ngumu na mgongo wangu unalifahamu hilo, na taa yake ya mbele usiku ni hafifu kuliko ninavyopenda. Oili naibadilisha kila kilomita 1,500, mapema kuliko wanavyofanya wengi.

Wiki iliyopita yule dalali wa ukutani alinipigia. Alisema wamepata Boxer nyingine ya mwaka wa karibuni, safari hii ya namba ya njano kweli, na kwamba ikiwa nina ndugu anayetafuta nimwambie awahi. Nilimwomba anitumie kwanza picha ya kadi. Bado hajaituma.