Kipimajoto cha udongo baada ya misimu mitatu ya machipuko

Kifaa ninachokieleza hapa ni kipimajoto cha udongo cha aina ya kawaida kabisa: sindano ya chuma kisichoshika kutu yenye urefu wa sentimita 13 hivi, na juu yake kisahani cha mviringo chenye kioo, tarakimu na mshale, mfano wa saa ya mkononi. Hakina betri wala taa. Nimekitumia kwa misimu mitatu ya machipuko katika bustani ya mboga ya nyumbani, na miongoni mwa zana zote ninazozitoa stoo baridi inapoanza kulegea, hakuna iliyobadilisha kazi yangu kama hiki, ingawa kina kasoro ambazo mnunuzi anapaswa kuzijua kabla ya kukiamini.

Kilichonifanya nikinunue ni maharage. Mwaka mmoja jua liliwaka kwa juma zima mwanzoni mwa machipuko, hewa ya mchana ikafika nyuzijoto 20, nami nikapanda mistari minne kwa furaha. Wiki tatu zilipita bila hata jani moja kujitokeza. Nilipofukua kwa kidole nilikuta mbegu zimevimba, maganda yamepasuka, na ndani yake mmebaki uji mweupe unaonuka. Sasa naelewa kilichotokea: mbegu ya maharage inapofyonza maji ya baridi, utando wa seli zake hudhurika, sukari na virutubisho vingine huvuja nje, na kuvu waliomo udongoni huvifuata huko huko vinakotoka. Hewa hupata joto kwa saa chache, lakini udongo uliolowa maji ya majira ya baridi huhitaji siku nyingi, kwa kuwa maji hunywa joto jingi kabla ya kupanda hata nyuzi moja. Ngozi ya uso wangu iliniambia kwamba wakati umefika, ilhali sentimita 5 chini ya miguu yangu wakati ulikuwa bado.

Ndani ya sindano mna utepe uliosokotwa, uliotengenezwa kwa metali mbili zilizounganishwa, ambazo hutanuka kwa viwango tofauti zinapopata joto. Utepe unapojipinda au kujilegeza, mshale ulio juu huzunguka. Utaratibu huu ni imara na hauhitaji chochote cha kubadilishwa, lakini una udhaifu mmoja, kwamba kipigo au kuanguka kunaweza kuusogeza mshale kutoka mahali pake. Cha kwangu kilifika kikiwa na kosa tangu siku ya kwanza. Nilijaza kikombe barafu iliyopondwa, nikaongeza maji kidogo, nikakoroga, nikatumbukiza sindano bila kugusa kuta za kikombe, nikasubiri dakika tano. Mshale ulipaswa kusimama kwenye sifuri. Ulisimama kwenye 2. Kosa la nyuzi mbili linaweza kuonekana dogo, lakini mwanzoni mwa machipuko tofauti ya nyuzi mbili inaweza kuwa ni wiki nzima ya kusubiri. Kwa bahati njema nyuma ya kisahani kuna nati ndogo, na kwa spana nyembamba nilikigeuza kisahani hadi mshale ukalala sawasawa kwenye sifuri. Tangu hapo narudia jaribio hili kila mwaka kabla ya kugusa jembe.

Jambo ambalo maelezo ya kwenye kifurushi hayakulitaja, nami nililigundua kwa kujaribu, ni kwamba joto halipimwi na ncha pekee. Utepe umejaza sehemu ya chini ya sindano, kwa makisio yangu sentimita 4 hadi 5, na mshale hutoa wastani wa sehemu hiyo yote. Hivyo anayechomeka sindano wima kwa kina cha sentimita 5 hapimi udongo ulio kwenye kina hicho, bali mchanganyiko wa tabaka zote kuanzia karibu na uso. Kwa njegere na maharage, ambazo hufukiwa sentimita 3 hadi 5, kosa hili si kubwa. Kwa karoti na letusi, ambazo hukaa chini ya udongo kwa sentimita 1 au pungufu, nimezoea kukilaza kipimajoto, nikipitisha sindano kwa mshazari ili sehemu yote inayopima ibaki karibu na mbegu zitakapokuwa. Ikiwa udongo umeshikamana, ni vyema kutangulia kutoboa kwa kijiti, kwani sindano hii ni nyembamba na hujikunja ikisukumwa kwa nguvu.

Saa ya kupima nayo ina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Siku moja ya anga tupu nilipima mahali pamoja mara mbili: saa mbili asubuhi mshale ulionyesha nyuzi 6, na saa tisa alasiri nyuzi 14. Anayesoma mara ya pili pekee atapanda nyanya. Anayesoma ya kwanza ataendelea kuilinda miche yake ndani ya nyumba. Mimi huchukua kipimo cha asubuhi, ambapo udongo wa juu bado uko karibu na kiwango chake cha chini, nacho hukiandika kwa siku tano mfululizo kabla ya kuamua. Siku moja ya jua haitoshi.

Vipimo hivi vimeipanga upya ratiba yangu. Spinachi na letusi huweza kuota katika udongo wenye nyuzi 5 au hata chini yake kidogo, na njegere huanza kwenye nyuzi 5 hivi, lakini kuweza kuota si sawa na kuota vizuri: njegere zilizo kwenye nyuzi 5 huchukua takribani wiki tano kujitokeza, na kwenye nyuzi 10 huchukua takribani mbili. Muda wote huo wa ziada mbegu imelala ikiwa mawindo ya kuvu, mabuu na ndege. Kwa hiyo sioni tena sababu ya kushindana na mtu kwa kupanda mapema. Naanza na spinachi, letusi na vitunguu asubuhi zikifika nyuzi 7 au 8, njegere na karoti zikikaribia 10, na maharage nayaacha hadi nyuzi 16. Matango na maboga hayapaswi hata kufikiriwa kabla ya hapo. Miche ya nyanya huhamishiwa nje baada ya udongo kufikia angalau nyuzi 15 na hatari ya jalidi kwisha, na hilo la pili kipimajoto cha udongo hakiwezi kulijua, kwa sababu jalidi hutokana na hewa ya usiku na inaweza kuunguza majani ilhali mizizi imekaa kwenye joto la kutosha.

Faida iliyonishangaza zaidi imekuja katika kazi za maandalizi, zile ambazo zamani nilizifanya kwa mazoea tu. Nilikuwa nikiacha matandazo ya majani makavu juu ya matuta hadi siku ya kupanda. Kipimajoto kilinionyesha kwamba tuta lililofunikwa lilikuwa nyuma ya tuta lililofunuliwa kwa nyuzi tatu, kwa kuwa majani yanayozuia baridi kuingia huzuia vilevile jua lisifike. Sasa nayasogeza kando wiki mbili kabla, ninang'oa mashina ya mwaka uliopita, nasambaza mboji iliyoiva, kisha nauacha udongo mweusi ulipokee jua. Tuta lililoinuliwa hupata joto mapema kuliko ardhi tambarare kwa sababu maji huchuruzika haraka, na tuta lililotandikwa plastiki nyeusi iliyogusana vizuri na udongo hutangulia zaidi. Nilipoyapima yote matatu asubuhi moja, nilipata nyuzi 8 kwenye ardhi tambarare, 10 kwenye tuta lililoinuliwa na 11 chini ya plastiki. Kujua hivyo kunaniwezesha kuchagua mbegu gani ianze wapi, badala ya kuipanda bustani nzima siku moja.

Hata hivyo, kipimajoto hakiambii kama udongo umekauka vya kutosha kulimwa. Kwa hilo mkono bado ndio kifaa bora: naufinya udongo kwenye kiganja, kisha naubonyeza kwa dole gumba. Ukivunjika, nachukua uma na kuanza kazi. Ukibaki donge linalong'aa, naweka zana chini hata kama mshale unasoma nyuzi 12, maana udongo wa mfinyanzi uliokanyagwa na kugeuzwa ukiwa umelowa hukauka kuwa mabonge magumu yatakayoisumbua mizizi msimu mzima.

Sasa niseme kasoro kwa uwazi. Baada ya mvua ya usiku mmoja, unyevu uliingia chini ya kioo na kisahani hakikusomeka kwa siku mbili, ingawa kifurushi kilidai kwamba maji hayapenyi. Tarakimu ni ndogo, na mtu mwenye macho yaliyochoka atalazimika kupiga magoti kwenye udongo baridi ili kuzisoma. Tabaka za rangi zilizochapishwa kwenye kisahani, kijani likimaanisha panda na bluu likimaanisha subiri, hazina maana yoyote, kwa kuwa nyuzi 10 ni heri kwa njegere na ni mauti kwa maharage. Ndani ya nyumba, kwenye trei za miche ya nyanya, kifaa hiki hakifai: trei ina kina cha sentimita 5, kisahani ni kizito, na kipimajoto huinama hadi kung'oa miche miwili mitatu kinapoanguka. Kwa trei ninatumia kile cha kidijitali chenye waya, ambacho ncha yake ndogo hupima mahali palipokusudiwa na kutoa jibu kwa sekunde chache. Kile cha bomba la kioo nilikiacha kabisa baada ya kimoja kuvunjikia kwenye tuta la karoti, nikatumia nusu siku kuchambua vipande.

Kwa bustani ya nje, bado ningekinunua tena hiki cha mshale kabla ya kingine chochote. Ningegeuza kisahani dukani na kuhakikisha nati ya kurekebishia ipo, kwani vingine vimezibwa nyuma na kosa lake hubaki milele. Ningechagua chenye tarakimu kubwa na kipimo kinachoanzia chini ya sifuri. Na baada ya kila kipimo ningeifuta sindano na kukirudisha ndani, badala ya kukiacha kimechomekwa tutani usiku kucha kama nilivyofanya mwaka wa kwanza.