Ripoti za Usalama za Rift Valley Institute: maoni ya msomaji wa Goma

Mimi nauza vitenge, si mtafiti. Lakini nilikuwa Goma, mashariki mwa Kongo, tarehe 20 Novemba 2012, waasi wa M23 walipoingia mjini, na kwa miaka mingi nilijiuliza watu hawa walitoka wapi. Jibu nililipata kwenye ripoti za mradi uitwao Usalama, unaochunguza makundi yenye silaha ya mashariki mwa Kongo, wa Rift Valley Institute, taasisi isiyo ya faida iliyoanza mwaka 2001. Unazipakua bure.

Nilianza na ile ya M23, toleo la Kifaransa. Haianzi na uasi wa Aprili 2012. Inarudi nyuma hadi RCD, kundi la waasi la 1998, kisha CNDP, kundi la waasi la Laurent Nkunda, kisha mapatano ya CNDP na serikali ya tarehe 23 Machi 2009, yaliyowapa M23 jina lao. Nilisoma usiku mzima. Mambo niliyoyasikia utotoni vipandevipande jikoni kwa mama, hatimaye yakakaa kwa mpangilio.

Ile ya Raia Mutomboki ndiyo niipendayo zaidi. Inaeleza jinsi wanavijiji wa Shabunda, huko Kivu Kusini, walivyojikusanya mwaka 2005 kujilinda dhidi ya FDLR, waasi wa Kihutu kutoka Rwanda, na jinsi jina hilo, yaani raia wenye hasira, lilivyosambaa hadi kwa makundi yasiyo na kamanda mmoja. Shangazi yangu ni wa Shabunda. Nilimfafanulia kwa simu, ukurasa kwa ukurasa, akanyamaza, kisha akasema: "Basi kuna aliyetusikiliza."

Ni nzito, vifupisho vya majina ya makundi ni vingi. Weka daftari karibu. Natamani sana kuziona zote kwa Kiswahili, shangazi ajisomee mwenyewe.