Intakula ya mbele nimeitoa, ya juu imebaki: uzoefu wangu na Forester ya turbo

Gari langu ni Subaru Forester SG5 ya mwaka 2005, injini EJ205, turbo ileile iliyotoka nayo Japani. Siku za kazi nalitumia Nairobi, na mara mbili kwa mwezi naenda Naivasha kuwaona wazazi. Safari ya kurudi ndiyo iliyonisukuma kutafuta intakula nyingine, yaani kile kifaa kinachopoza hewa iliyobanwa na turbo kabla haijaingia kwenye injini. Ukishapita Mai Mahiu na kuanza kupanda kuelekea Rironi nyuma ya malori, ukikanyaga ili upite, gari linavuta kidogo kisha ni kama limekabwa koo.

Turbo ikibana hewa, hewa hupata moto. Kompyuta ya injini ikisikia dalili za kugonga, yaani petroli kulipuka ovyo ndani ya silinda, huchelewesha cheche ili kuilinda injini, na nguvu zinapotea. Nairobi iko takriban mita 1,795 juu ya bahari na hewa yetu ni nyepesi, kwa hiyo turbo inabana kwa nguvu zaidi kufikia presha ileile anayoipata mtu wa Mombasa, na joto linazidi. Intakula ya Forester nayo imekaa juu ya injini, ikitegemea upepo wa tundu la boneti. Kwenye foleni inaokwa kutoka chini.

Basi nikafunga kubwa ya mbele, mpya, na mabomba yake. Barabara kuu ilikuwa tamu kweli: nilisimama baada ya kumaliza mlima, nikagusa bomba la kutokea, nikalikuta vuguvugu tu. Mjini ikawa mateso. Mabomba ni marefu, kwa hiyo unakanyaga, unangoja, ndipo gari linaamka. AC ilipoza vibaya kwenye foleni kwa kuwa intakula imeziba kondensa, ile radieta ya AC. Mara tatu mpira ulichomoka kwenye bomba. Moshi mweusi nyuma, injini inatetemeka. Hewa ile ilikuwa imeshapimwa na sensa, petroli yake imeshamwagwa, halafu hewa yenyewe imetorokea njiani. Lakini linaloniuma hadi leo ni kile chuma cha nyuma ya bampa, kinachopokea kishindo gari likigonga, ambacho fundi alikikata ili intakula ienee. Watoto wangu wanapanda gari hilo. Nilikitafuta kingine na kukirudisha.

Fundi wa pili hakutaka kuniuzia chochote kwanza. Aliniambia nilete intakula ya zamani, akaifunga, akaziba mdomo wa turbo, akaingiza upepo wa kompresa taratibu, kisha akapulizia maji ya sabuni kila kiungio. Pale intakula inapokutana na throto, mlango wa hewa wa injini, povu likaanza kuchemka: mpira umepasuka urefu wa ukucha. Akanionyesha na sponji inayoziba nafasi kati ya tundu la boneti na intakula. Ukiishika inamegeka kama mkate uliolala. Upepo ulikuwa ukiingia na kutokea pembeni bila kupita kwenye vijibati vya intakula. Yaani miaka yote hiyo nililaumu intakula ambayo haikuwahi kupewa upepo wake.

Kwa turbo ndogo ya kiwandani, kama yangu, ushauri wangu ni kuanza na mpira, klipu na sponji, kisha uendeshe wiki mbili ndipo uamue. Mimi niliendelea nikachukua ya juu iliyotumika, ya STI, zile Subaru za michezo, kwa kuwa ni pana zaidi. Haiingii moja kwa moja. Mabano na mpira wa upande wa turbo vilibidi virekebishwe. Sasa ni miezi sita. Ukikanyaga, gari linaitika papo hapo. Baada ya foleni bado inawaka moto, huwezi kuiwekea kiganja, lakini ukipata kilomita moja ya barabara wazi inatulia. Mlimani nyuma ya lori haiifikii ya mbele, hilo nakubali, nami huacha nafasi kubwa upepo uingie kabla sijapita. Mwenye turbo kubwa, au anayeshinda barabara kuu, ya mbele inamfaa, mradi chuma cha bampa kisiguswe.

Ukinunua iliyotumika, imulike ndani kwa tochi. Utando mwembamba wa oili ni kawaida. Ya kwanza niliyoletewa ilikuwa na chenga za chuma zinazong'aa, mabaki ya turbo iliyovunjika, na chenga hizo zingeishia ndani ya injini. Niliirudisha kabla hata ya kuuliza bei.