Alaimenti ya HiAce yangu ya kulala safarini: gereji mbili za Kampala, matokeo mawili

Nianze na bei, maana ndiyo naulizwa kwanza: shilingi 80,000 za Uganda kwa alaimenti, yaani kupima na kurekebisha mkao wa magurudumu, yote manne. Spea mbali, na kazi ya kuzifunga mbali. Ni mara mbili ya nilicholipa kwenye gereji ya kwanza, ile iliyonirudishia gari na ugonjwa wake uleule. Tangu nitoke kwenye hii ya pili nimeshaenda Ishasha, upande wa kusini wa hifadhi ya Queen Elizabeth, na kurudi, nimekwenda Jinja na Masindi, na gari limekodishwa katikati, kwa hiyo sasa naweza kusema kitu kinachoeleweka. Majina ya gereji sitaji, ya kwanza kwa heshima tu, ya pili kwa sababu foleni yao tayari inanitosha.

Gari lenyewe ni Toyota HiAce la umbo la kisanduku, zile ambazo hapa Uganda zikiwa teksi wanaziita drone. Langu ni la dizeli, foo-wili (injini inasukuma magurudumu yote manne), nimeligeuza nyumba: kitanda, friji ndogo, jiko la gesi, betri ya pili, tangi la maji la lita 60 chini ya kitanda upande wa kushoto, na hema juu ya paa. Mimi ni mtu wa Tanga niliyeolewa Kampala, na hii ndiyo biashara yangu ndogo. Nawakodisha familia na wageni wanaotaka kuzunguka hifadhi bila kulala hotelini.

Tatizo lilikuwa matairi ya mbele kuliwa bega la ndani. Kinachoudhi ni kwamba hulioni. Ukisimama kando ya gari unaona kashata, ile michoro ya mpira inayoshika barabara, nzima, safi, unajipongeza. Mpaka ukate usukani hadi mwisho, uchuchumae, uchungulie upande wa injini, ndipo unakuta ukanda wa kipara, na wangu wa kushoto ulikuwa umebakiza kidogo nyaya zitoke. Kisha pitisha kiganja juu ya tairi. Langu, ukitoa kiganja ndani kukileta nje kilikuwa kinateleza. Ukikirudisha kutoka nje kwenda ndani kinakwama kama kwenye meno ya msumeno. Hiyo ni dalili ya magurudumu ya mbele kufungukia nje, kila moja likitaka kwenda njia yake huku gari likiyalazimisha kwenda mbele. Meno yakikwama kwa upande wa pili, basi yamebanana ndani kupita kiasi. Na bega likiliwa laini tu bila meno, mara nyingi ni gurudumu limelala, juu limeingia ndani. Mimi nilikuwa na yote mawili kwa pamoja.

Kwa asiyeona kwa nini milimita chache ziwe kesi, hesabu yake ni hii. Tairi la 195 R15 lina kipenyo cha karibu milimita 700. Ncha yake ya mbele ikitoka nje milimita 2 tu kuliko ncha ya nyuma, kila kilomita moja unayotembea tairi hilo linaburuzwa upande kwa karibu mita 3. Kampala hadi Mbarara ni kama kilomita 270, kwa hiyo unasugua lami kwa upande zaidi ya mita 750. Hakuna mpira wa kuvumilia hayo.

Gereji ya kwanza ina mashine ya kamera, skrini kubwa, sakafu ya vigae na kahawa ya bure. Kijana wa mapokezi aliniambia niteremshe vitu vyote kwa sababu gari likiwa jepesi linakaa vizuri kwenye mashine. Hema nalo likabidi litoke maana halikupita chini ya boriti la paa lao. Nikamwaga maji, nikatoa friji, nikaacha mizigo kwenye kona na mlinzi. Wakapandisha gari, wakafunga vile vibao vya kamera kwenye ringi, fundi akaingia chini na spana, akazungusha upande mmoja, namba za skrini zikageuka kutoka nyekundu kuwa kijani. Muda wote huo hakuna aliyepiga jeki hata gurudumu moja. Nilipouliza kama hawatazami kwanza kama kuna kitu kimelegea, nikajibiwa (nyabo ni bibi kwa Kiganda):

"Nyabo, kompyuta imekubali. Gari liko sawa."

Nikapewa karatasi ya rangi. Kufika barabarani, ili gari liende moja kwa moja ilinibidi nishike usukani umepinda kulia. Hiyo ndiyo dalili ya kwanza kwamba fundi amezungusha tairodi (fimbo inayounganisha usukani na gurudumu) ya upande mmoja tu bila kuuweka usukani katikati na kuufunga. Nikarudi, wakaunyoosha usukani. Nikapakia vitu vyangu, maji yakajazwa, hema likarudi juu. Baada ya wiki kadhaa meno ya msumeno yako palepale kwenye kiganja.

Wengine waliniambia nifanye balansi. Balansi, yaani kusawazisha uzito wa gurudumu, ni habari nyingine. Usukani ukitetemeka ukiwa kwenye mwendo kasi, hapo ndipo unatafuta balansi, wakupigie vile virisasi vya uzito kwenye ringi. Gari kuvuta upande na tairi kuliwa bega moja hakuponi kwa virisasi.

Gereji ya pili nilielekezwa na dereva wa gari la watalii. Ni shimo, bati, na mashine ya zamani kidogo. Mkuu wao ni mzee aliyekulia Busia, Kiswahili chake kizuri kuliko cha wapwa zangu. Nilipompigia simu hakutaja bei kwanza. Aliuliza:

"Mama, gari linatembea na nini ndani?"

Nikamtajia. Akasema nije na vyote, tangi la maji likiwa limejaa, hema juu, mafuta nusu tangi. Nikamwambia wenzake walinitolesha kila kitu.

"Sasa wewe hutembei na gari tupu. Walipima gari la mtu mwingine."

Hapo ndipo aliponipata. HiAce mbele haina springi za kawaida. Kila upande una fito ndefu ya chuma inayolala chini ya gari, ncha moja imeshika mkono wa gurudumu, nyingine imeshikwa kwenye mwili kwa boliti, na kazi yake ni kujinyonga gari likibonyea. Ukiongeza mzigo wa kudumu, mbele inashuka, na ikishuka tu gurudumu linabadilisha mlalo na mwelekeo wake. Kwa hiyo namba za kijani zilizopatikana gari likiwa tupu zilikuwa za kweli pale kwenye vigae tu. Nikijaza maji na kupandisha hema, zinakufa.

Kabla ya kugusa mashine alipima upepo wa matairi yote kwa kufuata kibandiko cha mlangoni. Kisha akachukua futi, akapima kutoka katikati ya ringi hadi ukingo wa bodi juu yake, kulia na kushoto. Kushoto kulikuwa chini kwa karibu sentimita moja na nusu. Tangi la maji, betri, na uzee wa fito yenyewe. Halafu jeki. Akashika gurudumu la mbele kushoto juu na chini akalisukasuka, akaniita nisikilize: tok, tok. Boljointi ya chini, kile kiungo kinachoruhusu gurudumu kukata kona, imelegea. Akashika kushoto na kulia akalisukuma tena, mkono wake mwingine ukiwa juu ya tairodi, nikaona kwa macho yangu kichwa cha tairodi kinaruka kabla gurudumu halijafuata. Upande wa kulia ulikuwa mzima. Bushi, zile raba za mkono wa gurudumu la kushoto, zilikuwa zimechanika.

Akakataa kuendelea. "Nikikufanyia alaimenti leo, kesho kwenye shimo la kwanza imetoka. Kanunue kwanza."

Spea tulitafuta soko la Kisekka, mimi nyuma ya bodaboda na kijana wake mbele yangu kwenye nyingine. Kisekka unapata kila kitu, na kila kitu kina aina tatu: ya kwenye boksi inayodaiwa kuwa halisi, ya boksi linalofanana nayo, na iliyotolewa kwenye gari la Japani. Kijana alizizungusha boljointi kwa vidole. Inayozunguka kwa ulaini kabisa ikiwa mpya aliirudisha, alitaka ile nzito. Nilichukua tairodi mbili ingawa ya kulia ilikuwa haijalegea, kwa sababu sikutaka kurudi tena kwenye lile jua.

Baada ya kufunga, alikaza boliti za zile fito mpaka urefu wa kulia na kushoto ukalingana, akaliviringisha gari mbele na nyuma likae, akapima tena. Ndipo mashine ikaja. Alianza na mlalo wa gurudumu na ule mwinamo wa nyuma unaosaidia usukani kurudi wenyewe, akamalizia na mwelekeo, usukani ukiwa katikati umefungwa, akizungusha tairodi zote mbili kwa kiasi kilekile. Mpangilio huo una maana yake: ukirekebisha mlalo, mwelekeo nao unahama, kwa hiyo mwelekeo ni wa mwisho daima. Gurudumu la kushoto lilibaki limelala ndani kidogo sana kuliko la kulia. Aliniambia wazi, akanionyesha kwamba bado liko ndani ya kipimo, akasema akilisimamisha zaidi gari litaanza kuvuta. Nilipenda kwamba alisema.

Nyuma HiAce ni ekseli moja ya chuma juu ya springi za mabamba, hakuna cha kurekebisha. Lakini walipima vilevile, kuona kama ekseli imekaa mraba na bodi, maana senta boliti ya springi ikikatika ekseli inasogea na gari linatembea upande upande. Yangu ilikuwa sawa. Wale wa kwanza waliandika "magurudumu manne" kwenye risiti na nyuma hawakugusa.

Matokeo? Usukani umenyooka na unarudi wenyewe ukitoka kwenye kona. Njia ya Masaka, pale barabara ilipoinamia kushoto kwa ajili ya maji ya mvua, gari linateleza kushoto kidogo ukiachia usukani, na hilo ni la barabara. Kwenye lami iliyolala sawa linakwenda lenyewe. Kipimo halisi kilikuwa Katunguru kwenda Ishasha, vumbi na mashimo na malori yanayokwenda mpaka wa Kongo, gari lote linatetemeka hadi vijiko vinaimba droo nzima. Simba wa Ishasha wanaopanda miti tuliwaona, asante. Niliporudi nilikata usukani, nikachuchumaa, nikapitisha kiganja pande zote mbili. Laini. Nilinunua kipimo kidogo cha kina cha kashata, nacho kinasoma karibu sawa ndani, katikati na nje.

Matairi nilibadilisha manne, na hapa pochi iliumia kuliko kwenye alaimenti yenyewe. Ningekuwa na HiAce ya kawaida ningeweka mawili mbele na kuendelea. Ya foo-wili inaunganisha mbele na nyuma kwa kifaa chenye mafuta mazito kinachoshika pale ekseli mbili zinapozunguka kwa kasi tofauti. Kashata ikipishana milimita 6, kipenyo kinapishana milimita 12, na kifaa kile kinaona tofauti hiyo kila sekunde, hata ukiwa kwenye lami kavu, kinapata moto bure. Kwa sababu hiyohiyo sasa nabadilishana mbele na nyuma mapema, sisubiri yapishane.

Malalamiko ninayo. Hawana karatasi ya kuchapa. Mzee anakuandikia namba kwa kalamu nyuma ya risiti, kabla na baada, na mwandiko wake ni wa daktari. Shimo ni moja, kwa hiyo ukifika saa nne asubuhi umeshapitwa na magari kadhaa, na pa kukaa ni benchi chini ya bati lenye joto. Miadi wanakubali kwenye simu kisha wanaisahau. Na aliniambia nirudi baada ya bushi kukaa vizuri ili apime tena; nikidhani ni bure, nikatozwa shilingi 20,000. Si nyingi, ila angesema mwanzoni.

Ukienda kwao na gari la kulala kama langu, nenda limepakiwa vile linavyosafiri, asubuhi mapema, siku ya katikati ya wiki. Jumapili wamefunga.