Mtetemo wa HiAce ya kulala ya otomatiki: uzoefu wangu na fundi wa giaboksi wa Arusha

Gari ni HiAce Super Custom ya kizazi cha H100, injini ya dizeli 1KZ-TE ya lita 3.0 yenye tabo, otomatiki ya gia nne. Viti vya nyuma viling'olewa zamani. Mahali pake pana kitanda cha mbao, kabati, tangi la maji, friji ndogo na mtungi wa gesi, na juu ya paa kuna keria lisilokaa tupu. Tunalala humo Karatu, Babati, Lushoto, popote penye uwanja na mlinzi. Limekuwa zito kuliko lilivyotoka kiwandani, na uzito huo una sehemu yake katika yanayofuata.

Anayepita barabara ya Arusha hadi Makuyuni anayajua maisha ya kibao cha 50. Unaingia kijijini, unapunguza, macho yanamtafuta trafiki mwenye tochi, unatoka, unakanyaga mafuta taratibu kurudi 80. Hapo hapo, kati ya 60 na 70, gari likaanza kutetemeka. Usukani umetulia kabisa. Kinachotetemeka ni sakafu, kiti na vikombe kabatini, kwa sekunde mbili tatu, utadhani unapita juu ya rasta ilhali lami ni laini. Kisha linaacha. Kijiji kinachofuata, yale yale. Ukikanyaga mafuta mpaka chini, halitetemeki. Asubuhi likiwa baridi, halitetemeki. Abiria wangu wakaanza kuniangalia kwa jicho la "tutafika kweli?"

Gereji ya kwanza niliyokwenda ilipendeza: sakafu ya vigae, kijana mwenye ovaroli safi, kompyuta mkononi. Aliinama chini ya dashibodi kutafuta soketi ya kuchomeka mashine yake, akazunguka, akainama tena. Ile soketi ya pini 16 haimo kwenye HiAce hii, kama isivyokuwamo kwenye magari mengi ya Japani ya miaka ya 1990. Mashine ikarudishwa kwenye mkoba. Na bila ya mtu yeyote kuwasha gari, sembuse kuliendesha, nikaambiwa giaboksi imekwisha, nitafute ya mtumba. Bei waliyotaja ilizidi milioni mbili, ufundi mbali. Nilishukuru nikaondoka.

Dereva mmoja wa watalii ndiye aliyenielekeza kwa mzee ninayeandika habari zake hapa. Hana bango, hana vigae. Ana mwembe, benchi na vijana wawili wanaomwita "mwalimu". Nilimpa shikamoo, nikaanza kumweleza habari za giaboksi. Akanikata kwa upole.

"Marahaba. Ya giaboksi tuyaache kwanza, mwanangu. Niambie linatetemeka lini."

Nikamweleza. Akauliza kama likiwa baridi linafanya hivyo. Akauliza kama nikiondoa mguu kwenye mafuta linaendelea. Akauliza kama kuna sauti ya kugonga ninapoondoka kutoka kusimama. Halafu akasema, "Twende barabarani. Gari liwe limepata moto kabisa, bado mimi sijagusa spana."

Nitakaa kidogo kwenye safari hiyo, maana ndiyo huduma yenyewe niliyoilipia.

Kabla ya kutoka alilivuta kwenye nyutro akapandisha mizunguko polepole. Injini ikapanda vizuri, hakuna kutikisika. Hapo, akasema, mauntini (raba zinazoishikilia injini) na injini yenyewe tunaziweka pembeni, hatujazifuta. Tulipofika penye lami ndefu upande wa Kisongo akaniambia niachie mafuta kila mtetemo unapoanza. Nikiachia, unakufa papo hapo wakati gari bado linakwenda kwa kasi ile ile. "Tairi na ringi hazijui kama mguu wako uko juu au chini," akasema. Kama ingekuwa balansi, mtetemo ungebaki na kasi.

Kisha akaniagiza jambo ambalo sikuwahi kulisikia popote. Shika 65 kwa mafuta kidogo, mtetemo uanze, halafu kwa mguu wa kushoto gusa breki kiasi tu cha kuwasha taa za nyuma, bila kupunguza mafuta. Barabara ilikuwa tupu, na kijana wake nyuma alikuwa akichungulia kama kuna gari linakuja. Nikagusa. Mshale wa mizunguko ukapanda kidogo, na mtetemo ukakatika kama swichi. Nikatoa mguu kwenye breki. Baada ya muda mfupi mshale ukashuka, mtetemo ukarudi. Tukarudia. Matokeo yakawa yale yale.

"Umeona? Hiyo ni kluchi ya ndani ya konveta."

Akanieleza tukiwa njiani kurudi. Otomatiki haina kluchi ya mguu. Kati ya injini na giaboksi kuna konveta, chombo cha duara kilichojaa haidroliki, yaani oili ya giaboksi. Ndani yake mapanga yanayozungushwa na injini yanaisukuma ile oili, nayo inayasukuma mapanga ya upande wa giaboksi. Ndiyo maana gari linaweza kusimama kwenye D bila kuzimika. Lakini pande hizo mbili haziendi sawasawa, moja inachelewa kidogo, na upotevu huo unageuka joto na mafuta yanayoungua bure. Kwa hiyo ndani ya konveta kuna pia bamba lenye utando wa msuguano. Gari likishika mwendo wa kutulia, injini ikiwa na joto, kompyuta inaamuru bamba lishike na pande zote mbili zinazunguka pamoja. Dereva anahisi kama gia moja ndogo ya ziada, mizunguko inashuka kidogo. Ukigusa breki, ukiachia mafuta au ukikanyaga hadi chini, linaachia.

Sasa ukiweka maelezo hayo juu ya dalili zangu, kila kitu kinakaa mahali pake. Likiwa baridi bamba halishiki, kwa hiyo hakuna mtetemo. Nikikanyaga mafuta mpaka mwisho bamba linaachia, kwa hiyo hakuna mtetemo. Nikitoka kijijini kwa mguu mwepesi, ndipo linapojaribu kushika, linateleza, linashika, linateleza, mara nyingi kwa sekunde. Ile ndiyo rasta yangu.

Mzee hakuishia hapo, na hili nalipenda. Alilala chini ya gari akaizungusha propela, ile shafti inayopeleka nguvu magurudumu ya nyuma, kwa mikono akisikiliza misalaba (viungo) yake kama ina ulegevu. Alisema msalaba uliochoka hutetemesha gari zaidi unapoondoka na mzigo, na mara nyingi hugonga unapobadilisha kutoka R kwenda D. Yangu ilikuwa imebana. Akauliza filta ya dizeli ilibadilishwa lini. Filta iliyoziba, kwa maneno yake, inakusumbua unapodai nguvu nyingi, mlimani, mafuta chini kabisa. Haiwezi kukusumbua kwenye mguu mwepesi halafu ikakusamehe kwenye mguu mzito. Mtetemo wangu ulikuwa kinyume chake.

Kwenye umeme alinifurahisha kweli. Mashine ya kompyuta kama ya wale wa vigae hakuwa nayo, ila alikuwa na waya mfupi. Alifungua kisanduku kidogo cheusi cha uchunguzi, akaunganisha tundu la TE1 na la E1, akawasha swichi bila kuwasha injini, na kuhakikisha ovadraivu, yaani gia ya nne, haijazimwa kwa kitufe chake. Taa ya O/D OFF kwenye dashibodi ikaanza kuwakawaka. Kwenye Toyota za enzi hizo giaboksi inajieleza kwa taa hiyo. Ikiwaka na kuzima kwa mwendo ule ule bila kupumzika, hakuna kosa lililohifadhiwa. Ikipiga mara sita, ikapumzika, ikapiga mara nne, hiyo ni 64, kosa kwenye umeme wa solenoidi (vali inayoendeshwa kwa umeme) ya bamba la konveta. 62 na 63 ni solenoidi za kubadilisha gia. 42 ni sensa ya mwendo. Yangu iliwakawaka sawasawa. Kwa hiyo amri ya kompyuta inafika, shida iko kwenye kushika kwenyewe.

Hapo ndipo akaiomba dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili ya giaboksi. Gari kwenye usawa, injini inaunguruma na imepata moto, lever imepitishwa kwenye kila nafasi kisha ikarudi P, ndipo akapima. Kiwango kilikuwa sawa kwenye alama ya moto. Rangi ndiyo iliyosema: kahawia ya giza badala ya nyekundu. Akaipaka kwenye kitambaa cheupe, akanusa, akanipa na mimi ninuse. Ilinukia uzee, haikunukia kuungua. Aliangalia pia kama ina weupe wa waridi, kwa sababu haidroliki ya giaboksi hupozwa ndani ya rejeta, na rejeta ya zamani ikitoboka kwa ndani maji yanaingia kwenye giaboksi. Maji yakiingia, ule utando wa msuguano unabanduka, na hapo hakuna oili mpya itakayokuokoa. Yangu ilikuwa chafu, ila haikuwa na maji.

Uamuzi wake: oili imepoteza ile dawa inayofanya bamba lishike kwa ulaini, tuibadilishe kabla ya kugusa konveta. Hakuniahidi kupona. Alisema waziwazi kwamba kama utando umekwisha, oili haiurudishi.

Kazi yenyewe nitaipita haraka. Alifungua sampu, bakuli la oili lililo chini ya giaboksi, akanionyesha sumaku mbili zilizojaa tope la kijivu laini kama poda. Akalisugua kati ya vidole mbele ya uso wangu. Hakukuwa na chembe za chuma wala vipande vya utando. Angevikuta, alisema, angefunga na kunirudishia hela ya oili. Akasafisha chujio, akaweka gaskiti mpya. Kwa kuwa ukifungua kizibo inatoka sehemu tu, nyingi ikibaki kwenye konveta na mabomba ya kupozea, alimwaga, akajaza, akanituma nikaendeshe siku kadhaa nirudi, tukarudia hadi kitambaa kikawa chekundu. Hakutaka kuisukuma yote mara moja kwa mashine. Ana imani kwamba giaboksi ya zamani iliyozoea oili chafu haipendi kushtuliwa. Mafundi wanabishana sana juu ya hilo, na mimi siwezi kuwa refa, ila kwa mtu mwenye gari la umri huu njia yake ya polepole ilinipa nafasi ya kusimama kama mambo yangeharibika.

Kwenye oili alikuwa mkali. Alitaka ya daraja la Dexron III, ndiyo inayoifaa giaboksi hii, na alikataa dumu niliyokuja nayo kwa sababu lebo yake ilisema tu "kwa otomatiki zote". Muuza duka aliniambia nyekundu ni nyekundu. Si kweli.

Matokeo: barabara ya Arusha hadi Makuyuni sasa naimaliza bila rasta hata moja isiyo ya Serikali. Mtetemo ulipungua tangu mzunguko wa kwanza wa oili na ukaisha kwenye tambarare baada ya wa mwisho. Mlimani ni habari nyingine. Pale unapopanda ukuta wa Bonde la Ufa kutoka Mto wa Mbu kwenda Karatu, gari limebeba maji na kuni na watoto, joto la mchana, bado nausikia kwa mbali nikilegeza mguu kwenye kona. Mzee amenishauri nibonyeze O/D OFF kabla ya kuanza kupanda, gari likae gia ya tatu, lisihangaike kupanda na kushuka gia na kushika na kuachia konveta. Inasaidia, na mshale wa joto umetulia kuliko zamani.

Bei: upimaji pamoja na safari ya barabarani ilikuwa shilingi elfu hamsini, na aliikata kwenye bili nilipokubali kazi. Oili, gaskiti na ufundi kwa pamoja havikukaribia hata robo ya ile giaboksi ya mtumba, ambayo nayo ingekuja na konveta nisiyojua ilikoteswa.

Nampa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa mambo mawili. Hatoi risiti mpaka umsumbue, na ukiipata ni karatasi ya daftari, kwa hiyo anayetaka kumbukumbu za gari aandike mwenyewe tarehe, kilomita na aina ya oili. Na foleni yake haina mpangilio: ukipanga saa tatu, anza kazi yako nyingine, utaitwa saa saba. Simu hapokei akiwa chini ya gari, na muda mwingi yuko chini ya gari.

Kuhusu ule mtetemo uliobaki mlimani, ameshaniambia hatua inayofuata ni kushusha giaboksi na kuifungua konveta ibadilishwe utando. Haraka haipo, alisema, maadamu oili inabaki nyekundu na taa haipigi 64. Nimeanza kutenga hela, na dipstiki naichungulia kabla ya kila safari ndefu.